Mbio hazikumuua Mike Hailwood, lori ndilo lililomuua

MAKALA MAALUMU

Na Mwandishi Wetu

JIONI ya Jumamosi, Machi 21, 1981, baba mmoja wa Kiingereza aliwapakia wanawe wawili kwenye gari aina ya Rover wakatoka kwenda kununua samaki na chipsi. Kwa familia nyingi za Uingereza hicho ndicho chakula cha mwisho wa wiki. Hakina shughuli: unawasha gari, unafika dukani, unarudi nyumbani na mfuko wa moto.

Safari hiyo haikukamilika. Katika barabara ya A435, eneo la Portway, Warwickshire, lori liligeuza mbele yao kwa kukatiza vizuizi vya katikati ya barabara, mahali ambapo sheria haikuruhusu kugeuza. Gari la familia likaligonga.

Binti yake, Michelle, mwenye miaka tisa, alikufa palepale. Mdogo wake wa kiume alinusurika. Baba alifikishwa hospitali akiwa na majeraha makubwa ya ndani, akafariki siku mbili baadaye, Machi 23. Alikuwa na miaka 40, na zilibaki siku 10 atimize 41.

Dereva wa lori alitozwa faini ya pauni 100.

Baba huyo alikuwa Mike Hailwood, bingwa wa dunia mara tisa katika mbio za pikipiki, mshindi wa mashindano 76 ya Grand Prix. Wapo hadi leo wanaoapa kwamba hajazaliwa mwingine wa kumfikia. Alikimbiza pikipiki kwenye barabara nyembamba zilizopakana na kuta za mawe, akaendesha magari ya Formula One katika miaka ambayo madereva walikuwa wakizikana karibu kila msimu, na aliwahi kuingia motoni kwa miguu yake kumtoa mwenzake. Yote hayo aliyavuka.

Kila anapokumbukwa, kisa chake humaliziwa kwa namna ileile: tazameni majaaliwa, mtu aliyeshindana na kifo miaka yote ile amekuja kufa akifuata chipsi. Wasikilizaji hutikisa vichwa, na mazungumzo yanahamia kwingine.

Usimulizi huo unaacha nje jambo kubwa. Palikuwa na dereva aliyegeuza pasipogeuzwa, na palikuwa na kizuizi kilichoweza kukatizwa na lori. Baadaye sheria ilipima kitendo hicho ikaona thamani yake ni pauni 100, fedha ambazo hazikufika wastani wa mshahara wa wiki moja wa mwanaume aliyeajiriwa Uingereza wakati huo. Hapo majaaliwa hayana kesi ya kujibu.

> Palikuwa na dereva aliyegeuza pasipogeuzwa, na palikuwa na kizuizi kilichoweza kukatizwa na lori

Mtoto wa tajiri aliyejua kazi

Stanley Michael Bailey Hailwood alizaliwa Aprili 2, 1940, katika kijiji cha Great Milton, Oxfordshire. Baba yake, Stan, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pikipiki, na mtoto alikua katikati ya harufu ya petroli na grisi.

Mbio yake ya kwanza aliikimbia Aprili 1957 katika uwanja wa Oulton Park, akiwa na miaka 17. Alimaliza wa 11. Baba hakukata tamaa, wala hakubana mkono. Alimnunulia mwanawe pikipiki nzuri kuliko walizokuwa nazo wapinzani wake, na msimu wa baridi ulipoingia Ulaya akampeleka Afrika Kusini akaendelee kukimbia huko, ili wenzake waliojifungia nyumbani wakirejea wamkute ameshawaacha.

Maneno hayakukosekana. Ilisemwa kuwa kijana ananunuliwa ushindi. Tuhuma hiyo ilikuwa na ukweli kwa mwaka mmoja au miwili ya mwanzo, kisha ikafa yenyewe, kwa sababu fedha humpatia mtu pikipiki lakini haimfundishi kona.

Mwaka 1961 ndio uliowanyamazisha wengi. Katika mashindano ya TT ya Isle of Man, kisiwa kilichoko katika bahari kati ya Uingereza na Ireland, Hailwood alishinda mbio tatu ndani ya wiki moja. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake. Alikuwa mbioni kushinda na ya nne kabla pikipiki yake haijaharibika. Mwaka huohuo akatwaa ubingwa wake wa kwanza wa dunia, daraja la cc 250, akiwa na Honda.

Kisha akahamia MV Agusta ya Italia na kuchukua ubingwa wa cc 500, daraja la juu kabisa, miaka minne mfululizo kuanzia 1962 hadi 1965. Aliporudi Honda alitwaa mataji mawili kwa mwaka, la cc 250 na la cc 350, mwaka 1966 na tena 1967. Hayo ndiyo mataji tisa.

Asiyeijua TT atadhani hizi ni mbio kama nyingine. Njia yake ina urefu wa kilomita 60.7 kwa mzunguko mmoja, na ni barabara za kila siku zinazofungwa kwa ajili ya mashindano: zinapita vijijini, mbele ya milango ya nyumba, juu ya madaraja, kisha zinapanda mlima. Ukikosea hakuna mchanga wa kukupokea. Kuna ukuta, nguzo, au mti.

Huko ndiko Juni 1967 alikopambana na Giacomo Agostini wa Italia katika mbio ambayo wazee wa mchezo huu huiweka juu ya nyingine zote. Honda ya Hailwood ilikuwa na nguvu nyingi na tabia mbaya. Ikiingia kona kwa kasi iliyumba kama inataka kumtupa. Katikati ya mbio, mshiko wa mafuta ukaanza kulegea mkononi mwake. Aliposimama kujaza petroli akaomba nyundo, akaugonga urudi mahali pake, akaondoka. Ulilegea tena. Akaendelea hivyohivyo, akiushikilia kwa nguvu za kiganja, huku akiweka rekodi ya mzunguko ya takriban kilomita 175 kwa saa ambayo haikuvunjwa hadi 1975. Mnyororo wa pikipiki ya Agostini ulikatika wakiwa bado wanafukuzana, na Hailwood akashinda.

Honda ilipojiondoa kwenye mbio za dunia ilimlipa pauni 50,000 ili asikimbie kwa kampuni nyingine. Alikuwa bado hajafika miaka 30.

Moto wa Kyalami

Alipogeukia magari, Hailwood hakuwa bora kama alivyokuwa kwenye pikipiki, ingawa alikuwa mzuri. Alimaliza wa tatu katika mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1969. Akawa bingwa wa Ulaya wa Formula Two mwaka 1972 akiwa na timu ya John Surtees, ambaye naye alikuwa bingwa wa pikipiki kabla yake. Katika Formula One hakuwahi kushinda.

Siku inayokumbukwa zaidi ni ile ambayo hakumaliza mbio kabisa. Ilikuwa Machi 3, 1973, uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Katika mizunguko ya mwanzo gari moja lilipoteza mwelekeo, mengine yakaparamiana. Surtees ya Hailwood iligongana na BRM ya Clay Regazzoni, raia wa Uswisi. Gari la Regazzoni likalipuka moto, naye akiwa ndani, amezimia, amefungwa mikanda.

Hailwood alishuka akaenda moja kwa moja kwenye lile gari. Aliingiza mikono katika moto kutafuta kifungo cha mkanda. Nguo zake zikashika moto, ikabidi arudi nyuma azimwe. Mtu akishazimwa moto mwilini mwake, hakuna atakayemlaumu akikaa pembeni na kuwaachia wazimamoto kazi yao. Yeye alirudi. Wakamtoa Regazzoni akiwa hai, naye akaja kuendesha na kushinda mbio nyingine kwa miaka kadhaa.

Serikali ya Uingereza ilimtunuku Hailwood nishani ya George, ambayo hutolewa kwa raia waliofanya ushujaa mkubwa.

> Mtu akishazimwa moto mwilini mwake, hakuna atakayemlaumu akikaa pembeni. Yeye alirudi

Agosti 1974, akiendeshea McLaren, alipata ajali katika uwanja wa Nürburgring, Ujerumani. Mguu wake uliumia vibaya, na Formula One ikaishia hapo. Akahamia New Zealand pamoja na familia, akiwa anachechemea, na wengi wakaamini kitabu chake kimefungwa.

Hakikufungwa. Mwaka 1978, akiwa na miaka 38, alitangaza kwamba anarudi Isle of Man. Miaka 11 ilikuwa imepita tangu akimbie TT kwa mara ya mwisho. Waliompenda waliogopa kumwona akiaibika, au kufa. Alipanda Ducati ya cc 900 iliyoandaliwa na karakana ndogo ya Uingereza, dhidi ya Honda ya kiwanda iliyokuwa na Phil Read, hasimu wake wa zamani. Aliondoka nyuma ya Read, akamfikia barabarani, wakaenda pamoja hadi Honda ikashindwa. Watu walijipanga kando ya barabara wakipunga programu zao hewani kila alipopita. Alishinda.

Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii kwa Suzuki ya cc 500. Ulikuwa ushindi wake wa 14 katika TT, hesabu iliyokaa hadi 1993 alipokuja kuipita Joey Dunlop wa Ireland Kaskazini. Kisha akaacha kweli. Alifungua duka la pikipiki Birmingham kwa ubia na Rod Gould, bingwa wa dunia wa mwaka 1970, akaanza kuishi maisha ya baba wa nyumbani na muuza duka.

Maisha hayo hayakufika miaka miwili.

Uwanja ulibadilika, barabara ikabaki

Kuna hoja ambayo husikika kila bingwa mstaafu anapokufa barabarani: hawa ni watu waliozoea hatari, kwa hiyo hatari iliwafuata. Kwa Hailwood hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Alikuwa ndani ya gari la familia, na wanawe, katika barabara ya kawaida, na kosa halikuwa lake.

Tena, ukiulinganisha mchezo wenyewe na barabara, utakuta mchezo ndio uliojifunza haraka. Mwaka 1972 mwendesha pikipiki wa Italia, Gilberto Parlotti, alikufa katika TT, na Agostini akagoma kurudi kisiwani. Wakubwa wengine wakamfuata. Baada ya msimu wa 1976 TT ikaondolewa katika ubingwa wa dunia. Inakimbiwa hadi leo na bado inaua, lakini hakuna mwendesha pikipiki anayelazimika kwenda huko ili awe bingwa wa dunia.

Viwanja vya Grand Prix navyo vilibadilishwa. Kuta zilisogezwa mbali, kona zikawekewa nafasi pana za kuteleza, maboya ya hewa yakapangwa mbele ya vizuizi, gari la daktari likawa nyuma ya wakimbiaji mzunguko wa kwanza. Kila ajali iliangaliwa upya kwenye picha, na swali lilikuwa moja: tufanye nini isijirudie? Vifo havikwisha, ila vilipungua mno ukilinganisha na miaka ya Hailwood.

Barabara za umma hazikukaa bure pia. Uingereza ilifanya mkanda kuwa lazima kwa waketio mbele Januari 1983, na vifo vya barabarani ambavyo mwanzoni mwa muongo huo vilikaribia 6,000 kwa mwaka sasa viko chini ya 2,000. Hayo ni mafanikio makubwa, na asiyeyataja hatendi haki. Lakini lori linalogeuza ghafla mbele ya wengine halikuondoka. Miaka 26 baada ya Portway lilimkuta bingwa mwingine, upande wa pili wa dunia.

Kawasaki, Oktoba 2007

Norifumi Abe, aliyejulikana zaidi kwa jina la Norick, alizaliwa Tokyo Septemba 1975, mtoto wa mkimbiza pikipiki. Alikuwa bingwa wa Japani wa cc 500 mwaka 1993, akiwa kijana wa miaka 18. Mwaka uliofuata akaalikwa kukimbia mbio moja tu ya dunia, ile ya nyumbani kwao Suzuka.

Mbio ile ndiyo iliyomtambulisha. Mtoto asiyejulikana, nywele ndefu zikichungulia chini ya helmeti, alichuana na Kevin Schwantz na Mick Doohan, watu ambao kwa kawaida wageni waliwapisha. Alianguka katika kona ya kwanza mizunguko mitatu kabla ya mwisho. Haikujalisha. Huko Italia kijana mmoja aitwaye Valentino Rossi alivutiwa kiasi cha kujibatiza Rossifumi, na jina hilo alilivaa miaka yake ya mwanzo.

Abe alishinda Grand Prix tatu za cc 500, zote na Yamaha: Suzuka mwaka 1996, Rio de Janeiro mwaka 1999, na Suzuka tena mwaka 2000. Ubingwa wa dunia haukumjia. Mwaka 2007 alikuwa amerudi kukimbia ligi ya nyumbani.

Jioni ya Oktoba 7, 2007, alikuwa akiendesha skuta ya Yamaha ya cc 500 katika jiji la Kawasaki, karibu na Tokyo. Lori lililokuwa mbele yake liligeuza mahali palipokatazwa. Akaligonga. Alifariki hospitalini usiku huohuo akiwa na miaka 32.

Ukiziweka kesi hizi mbili mezani unaona kitu kinachotisha kwa kufanana kwake. Lori, kugeuza, katazo lililopuuzwa, bingwa asiyekuwa na pa kupitia. Ujuzi wa watu hawa katika kufunga breki na kukwepa ulikuwa wa kiwango ambacho wewe na mimi hatutakifikia, na haukuwafaa kitu. Lori likishakingama katikati ya njia, limekuwa ukuta. Anayekuja hachagui tena. Kinachoamua ni umbali uliobaki na kasi aliyokuwa nayo.

> Lori likishakingama katikati ya njia, limekuwa ukuta

Tupime kosa au maafa?

Hapa ndipo pande mbili zinapovutana, na kila upande una watu wenye akili.

Upande wa kwanza unasema sheria ipime kile dereva alichokifanya, isipime matokeo. Dereva aliyegeuza vibaya asubuhi bila kumgonga mtu, na mwenzake aliyegeuza vivyo hivyo jioni akaua, wametenda kosa moja. Hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani akitaka kuua. Kumfunga mmoja na kumwacha mwingine kwa sababu tu bahati zao zilitofautiana ni dhuluma, na gereza halimrudishi marehemu. Kwa mantiki hii, faini ya pauni 100 mwaka 1981 ilikuwa adhabu ya kugeuza. Vifo vya Hailwood na Michelle havikuwa ndani ya hesabu ile.

Upande wa pili unajibu kwamba anayeshika usukani wa lori amekabidhiwa kitu kinachoweza kuua, na ameajiriwa kwa sharti la kulijua hilo. Alama ya kukataza kugeuza haikuwekwa kupamba barabara. Iliwekwa kwa sababu mtu alishatabiri kitakachotokea. Anayeipuuza amecheza na roho za watu kwa ajili ya kuokoa dakika chache, na familia ikiambiwa kwamba bei yake ni chini ya mshahara wa wiki, imetukanwa juu ya msiba.

Mimi niko na upande wa pili, ingawa naona nguvu ya hoja ya kwanza. Sheria zimefuata njia hiyohiyo, polepole.

Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1991 iliweka upya kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari. Pengo likabaki kwa wale ambao uendeshaji wao ulionekana wa kizembe, haukufika kuitwa wa hatari. Hao waliendelea kutozwa faini, hata pale mtu alipokufa. Ilihitaji sheria ya mwaka 2006, iliyoanza kutumika Agosti 2008, kuunda kosa la kusababisha kifo kwa uzembe, lenye kifungo kisichozidi miaka mitano. Yaani ilipita miaka 27 tangu Portway kabla mahakama ya Uingereza haijaweza kumwambia dereva wa namna hiyo kwamba anajibu kwa kifo, hajibu kwa kugeuza peke yake. Mwaka 2022 adhabu ya juu kwa wanaoua kwa kuendesha kwa hatari ikapandishwa hadi kifungo cha maisha.

Japani nayo ilisukumwa na msiba. Novemba 1999, dereva wa lori aliyelewa aliligonga gari la familia kwa nyuma katika barabara kuu ya Tomei, Tokyo, na watoto wawili wa kike, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa mwaka mmoja, wakateketea. Dereva alifungwa miaka minne. Wakati huo kosa lenyewe, uzembe kazini uliosababisha kifo, lilikuwa na kikomo cha miaka mitano, sawa na mtu aliyekosea kiwandani. Wazazi walizunguka wakikusanya saini, zikafika mamia ya maelfu, na mwaka 2001 Bunge likapitisha kosa jipya la kuua kwa kuendesha kwa hatari. Mwaka 2007, miezi michache tu kabla ya kifo cha Abe, likaongezwa kosa la kuua kwa uzembe barabarani, lenye kifungo cha hadi miaka saba.

Angalieni mpangilio wake. Katika kisa cha Tomei, wazazi waliozika watoto ndio waliokwenda kusimama vituo vya treni na karatasi za saini. Nchi iliyojenga barabara hizo na kuwapa leseni madereva haikujituma yenyewe.

Pale lawama zinapogawanyika

Si kila kifo cha namna hii kina mkosaji mmoja, na makala hii ingekuwa ya upendeleo kama isingegusa kisa cha Nicky Hayden.

Hayden, Mmarekani wa Owensboro, Kentucky, alikuwa bingwa wa dunia wa MotoGP mwaka 2006. Mei 17, 2017, akiwa bado anakimbia ligi ya Superbike, alitoka kufanya mazoezi ya baiskeli karibu na Misano, Italia. Kwenye makutano ya barabara akagongwa na gari. Alifariki Mei 22 katika hospitali ya Cesena, akiwa na miaka 35.

Uchunguzi ulionyesha kwamba Hayden hakusimama kwenye alama ya kusimama, na kwamba dereva alikuwa akienda kasi kupita kiwango cha barabara ile. Lawama ziligawanywa, sehemu kubwa akibebeshwa dereva, naye akapewa kifungo cha nje.

Kwa mashabiki, kumtajia bingwa wao kosa lake ilikuwa kama kumpiga maiti. Naamini mahakama ilifanya vyema kulitaja. Wale wawili waliokutana pale makutano walikuwa wamevunja kila mmoja kanuni yake, na kasi iliyozidi ndiyo iliyogeuza kosa la kusahau kusimama kuwa kifo. Gari lingekwenda kwa mwendo uliowekwa, huenda Hayden angepata mivunjiko na kurudi nyumbani. Namba yake, 69, iliondolewa rasmi katika MotoGP mwaka 2019 isitumiwe na mwingine.

Tofauti na Portway na Kawasaki iko wazi. Hailwood na Abe walikuwa kwenye njia yao.

Kazi iliyobaki

Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana kati ya miaka 5 na 29. Michelle Hailwood alikuwa ndani ya kundi hilo. Katika vitabu vya michezo jina lake hutokea mara moja, mstari mmoja kabla ya kifo cha baba yake, na huu ndio upungufu mkubwa wa kumkumbuka Hailwood kama bingwa tu. Baba na binti walizikwa Tanworth-in-Arden, kijiji kilicho karibu na pale walipogongwa.

Msomaji wa Kibaha au Chalinze, Tanzania, au wa Mlolongo, Kenya, hahitaji kuelezwa lori linavyogeuza. Analiona likichomoza kichwa taratibu katikati ya barabara kuu, utingo ameshuka anapunga mkono kuzuia magari kwa kitambaa, bodaboda wakijipenyeza mbele kwa mbele kabla njia haijafungwa. Usiku utingo huyo haonekani. Ubavu wa lori usio na taa wala viakisi hauonekani pia, hadi mwanga wa mwendesha pikipiki unapoufikia, na hapo mita zilizobaki hazitoshi breki ya yeyote.

Watu wa usafirishaji wana la kujibu. Wanasema lori refu haliwezi kugeuza kwenye kona ya mtaani, na sehemu halali ya kugeuzia mara nyingi iko mbali. Dereva anadaiwa mzigo ufike kwa saa fulani, na anayemdai hayuko barabarani. Ni malalamiko ya kweli. Dereva wa Portway alitozwa faini, ila mara chache faini humfikia mpanga ratiba au mchora barabara anayemwachia dereva uchaguzi kati ya kilomita kadhaa za ziada na uwazi ulio mbele ya macho yake.

Wahandisi wana dawa zinazojulikana. Njia za magari ya dharura katikati ya barabara hufungwa kwa lango ambalo polisi na gari la wagonjwa wanalifungua, lori haliwezi. Sehemu za kugeuzia hujengwa kwa umbali unaovumilika, zikiwa na nafasi ya lori kusubiri nje ya mkondo wa magari, au huwekwa mzunguko ambako kila mtu anageuka bila kumkingamia mwenzake. Ubavu wa tela hubandikwa viakisi kutoka mwanzo hadi mwisho.

Vitu hivi havigharimu kama barabara mpya, na vingi havihitaji kupita bungeni. Mamlaka ya barabara inaweza kuanza na orodha ya mahali ambapo malori hugeuza bila ruhusa. Trafiki, madereva na wauza chai wa kandokando wanapafahamu pote kwa majina.